Vitamini na madini kwa mjamzito: kipi, kiasi gani, na kimezwe saa ngapi

MkungaLishe

Wadau, nafungua uzi huu kwa sababu maswali ya vidonge vya ujauzito yanajirudia, na jibu linalotolewa mara nyingi ni "kula mlo kamili". Ni kweli, lakini jibu hilo halimwambii mtu kidonge cha chuma akimeze saa ngapi, wala kwa nini ini, linalosifiwa kwa kuongeza damu, linaweza kuleta madhara mimba ikiwa changa. Nitaweka namba. Wenye taaluma ongezeni, na mrekebishe palipopungua.

Naanza na foliki (vitamini B9) kwa kuwa muda wake ndio mfupi kuliko wa vitamini zote. Mfereji wa neva, ule unaogeuka kuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto, hufunga takribani siku ya 28 baada ya mimba kutunga. Kwa hesabu ya kliniki, inayoanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, hapo ni wiki ya 6. Mwenye mzunguko wa siku 28 atakuwa amechelewa hedhi wiki mbili tu, na wengine bado hawajapima. Sasa mtu anayeanza foliki siku ya kwanza ya kliniki, wiki ya 12 au ya 16, bado atafaidika kwenye utengenezaji wa damu, lakini kwa kuzuia mgongo wazi, yaani kasoro ya mfereji huo kutofunga, dirisha limeshafungwa.

Dozi ya kawaida ni mikrogramu 400 kila siku. Anza angalau mwezi mmoja kabla ya kushika mimba, na ikiwezekana miezi miwili au mitatu. Endelea bila kukosa hadi wiki ya 12. Asiyepanga mimba lakini hatumii uzazi wa mpango, ushauri huu unamhusu pia, maana mimba haisubiri mtu anunue vidonge.

Wapo wanaohitaji dozi kubwa, miligramu 4 au 5, yaani mara kumi ya kawaida au zaidi: aliyewahi kupata mtoto au mimba yenye mgongo wazi, anayetumia dawa za kifafa kama valproeti au kabamazepini, mwenye kisukari na mwenye selimundu. Utafiti wa Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza uliochapishwa 1991 ulionyesha kwamba miligramu 4 kwa siku zilipunguza kujirudia kwa tatizo hilo kwa asilimia 72 kwa wanawake waliowahi kulipata. Dozi hiyo huandikwa na daktari, na ni kidonge chake maalumu. Usijaribu kuifikia kwa kumeza multivitamini kumi, kwa sababu utakuwa umezidisha mara kumi na vitamini A iliyomo ndani. Nitarudi kwenye vitamini A.

Mboga za kijani, maharage, dengu na machungwa vina foliki, na vinafaa. Tatizo ni kwamba foliki ya asili huyeyuka kwenye maji na huharibika kwa moto. Ukichemsha mboga muda mrefu na kumwaga maji, sehemu kubwa imekwenda na maji hayo. Pika kwa maji kidogo na kwa muda mfupi. Pamoja na hayo, chakula hakichukui nafasi ya kidonge katika zile wiki za mwanzo.

Mfamasia_Zamu

Uzi mzuri. Nachukua chuma, maana huko ndiko ninakoona mambo mengi yanaharibika.

Kwanza, soma lebo vizuri. Namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi mara nyingi ni uzito wa chumvi nzima ya chuma, si wa chuma chenyewe. Kidonge cha ferasi salfeti kikavu cha miligramu 200 kina chuma halisi takribani miligramu 65. Ferasi fumareti ya miligramu 200 nayo inakaribia hapohapo. Ferasi glukoneti ya miligramu 300 ina kama 35 tu. Kwa hiyo mtu aliyebadilishiwa kidonge kutoka salfeti ya 200 kwenda glukoneti ya 300 akadhani ameongezewa, ukweli ni kwamba amepunguziwa karibu nusu.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza miligramu 30 hadi 60 za chuma halisi kwa siku kwa kila mjamzito, pamoja na foliki mikrogramu 400. Pale ambapo upungufu wa damu umeenea sana, 60 ndiyo inayopendelewa. Akishapimwa na kukutwa na upungufu, dozi ya tiba hupanda hadi 120 mpaka damu irudi kawaida.

Pili, muda wa kumeza. Chuma hufyonzwa vizuri tumbo likiwa tupu, saa moja kabla ya kula au saa mbili baada ya kula. Tumia maji au juisi ya chungwa, kwani vitamini C inakisaidia kufyonzwa. Chai na kahawa zina viambata vinavyokishika chuma tumboni kisipite. Ziache zikae angalau saa moja mbali na kidonge, mbili ni bora. Maziwa hivyohivyo. Vidonge vya kalisi (kalsiamu) visikutane na chuma, tenga saa mbili au zaidi. Dawa za kiungulia zinazopunguza asidi huzuia ufyonzwaji. Anayetumia levothairoksini kwa ajili ya tezi ya shingo atenganishe na chuma na kalisi kwa saa 4, la sivyo dawa ya tezi ndiyo itakayoshindwa kazi, na katika ujauzito hilo ni jambo zito.

Tatu, choo cheusi ni kawaida kwa anayemeza chuma, usiogope. Choo cheusi chenye kunata kama lami na harufu kali isiyo ya kawaida ni jambo jingine, hiyo ni dalili ya damu tumboni. Nenda hospitali.

Na hili nalisema kwa msisitizo: vidonge vya chuma vikae juu, mahali mtoto hafiki, kwenye chombo chenye kifuniko kigumu. Vingi vina rangi nyekundu na ganda tamu, na mtoto mdogo ataviona ni pipi. Chuma kingi kwa mkupuo mmoja huua mtoto. Akimeza, kimbia naye hospitali hata kama anaonekana mzima, kwa sababu baada ya kutapika kwa saa chache za mwanzo hutokea kipindi anachoonekana amepata nafuu, kisha hali inabadilika ghafla.

Neema_K

Asante mkuu. Swali: anayetapika kila akimeza hicho cha chuma afanyeje? Aache kabisa?

Mfamasia_Zamu

Asiache, dada. Aende kwa hatua. Kwanza akimeze usiku kabla ya kulala. Ikishindikana, akimeze pamoja na chakula kidogo kisicho na maziwa wala chai. Ufyonzwaji utapungua, lakini kidonge kilichofyonzwa nusu ni bora kuliko kilichobaki kwenye boksi. Ikishindikana tena, abadilishiwe aina au apewe dozi ndogo, kwa sababu kichefuchefu hufuata kiasi cha chuma halisi. Vile vinavyoyeyuka polepole, vilivyofunikwa ganda la kuvuka tumbo, huwa laini kwa tumbo kwa sababu sehemu kubwa inapita mahali pa kufyonzwa bila kufyonzwa. Sivipendekezi kwa mtu ambaye damu yake imeshuka.

Kwa kukosa choo: maji zaidi, nafaka zisizokobolewa, kunde, matunda na kutembea. Dawa laini ya kulainisha choo ipo, muulize mhudumu wako.

Pia kuna utafiti kwa wanawake wasio wajawazito ulioonyesha kwamba baada ya dozi moja ya chuma, homoni ya hepsidini hupanda na kupunguza ufyonzwaji wa dozi ya siku inayofuata. Ndiyo maana wengine hushauri kumeza siku moja na kuruka moja. Mjamzito asijiamulie hilo mwenyewe. Ila linaonyesha kwa nini kumeza asubuhi na jioni hakuleti faida maradufu, huku tumbo likiteseka.

DktUzazi

Naongeza upande wa vipimo. Katika ujauzito maji ya damu huongezeka karibu asilimia 50, wakati chembe nyekundu huongezeka kidogo kuliko hapo, ndiyo maana hemoglobini, kiambata cha damu kinachobeba oksijeni, hushuka hata kwa mwenye afya. Kiwango cha chini kinachokubalika ni gramu 11 kwa desilita katika miezi mitatu ya kwanza na ya mwisho, na 10.5 katika miezi mitatu ya kati. Chini ya hapo ni upungufu wa kutibiwa.

Baada ya kuanza tiba, damu ipimwe tena ndani ya wiki 2 hadi 4. Inatakiwa iwe imepanda walau gramu 1. Isipopanda, kosa la kwanza tunalofanya ni kuongeza vidonge. Uliza kwanza: anameza kweli? Anameza na chai? Kisha tafuta minyoo ya safura, malaria, damu inayopotea mahali, upungufu wa foliki au vitamini B12, au ugonjwa wa kurithi wa damu kama thalasemia. Ukubwa wa chembe nyekundu kwenye kipimo cha damu kamili unasaidia sana: chembe ndogo zinaelekeza kwenye chuma au thalasemia, chembe kubwa zinaelekeza kwenye foliki au B12. Mwenye selimundu asianzishiwe chuma kwa mazoea, apimwe akiba yake ya chuma kwanza, hasa kama amewahi kuongezewa damu mara nyingi.

Damu ikisharudi kawaida, dawa inaendelea miezi mitatu mingine na isikatishwe kabla ya wiki 6 baada ya kujifungua, ili akiba ijae. Wengi huacha siku majibu yanapokuwa mazuri, wakaingia leba na akiba sifuri.

Anayejikuta anatamani udongo, barafu au wanga mbichi apimwe damu. Tamaa hiyo huambatana mara nyingi na upungufu wa chuma. Udongo wenyewe unaweza kuwa na risasi na mayai ya minyoo, na pia unashika chuma tumboni, kwa hiyo tatizo linajilisha lenyewe.

MkungaLishe

Nilisema nitarudi kwenye vitamini A. Inakuja kwa sura mbili. Karoti, viazi vitamu vya rangi ya chungwa, maembe na mboga za kijani zina beta-karotini, ambayo mwili huigeuza kwa kadiri unavyohitaji. Hiyo haina hatari kwa mimba. Ini, mafuta ya ini la samaki na vidonge vingi vina retinoli, ambayo imeshakuwa vitamini kamili. Retinoli ikizidi mikrogramu 3,000 kwa siku, sawa na yuniti 10,000, inahusishwa na kasoro za maumbile ya mtoto, hasa katika miezi mitatu ya kwanza. Gramu 100 za ini la ng'ombe lililopikwa hupita mara mbili ya kiwango hicho. Ndiyo sababu mamlaka za afya za Uingereza huwaambia wajawazito waache ini kabisa. Kama chuma ndicho kinachotafutwa, nyama nyekundu ya kawaida, samaki na kunde vinatosha bila hatari hiyo. Dawa za chunusi za jamii ya retinoli, kama isotretinoini, ni marufuku kabisa kwa mjamzito au anayetarajia kuwa.

Kalisi: mahitaji ni miligramu 1,000 kwa siku. Kikombe cha maziwa cha mililita 250 kina kama 300. Kwa wanaokula kalisi kidogo, Shirika la Afya Duniani linashauri nyongeza ya gramu 1.5 hadi 2 kwa siku ili kupunguza hatari ya shinikizo la damu la ujauzito linaloweza kuishia kwenye kifafa cha mimba. Mwili haufyonzi vizuri zaidi ya miligramu 500 kwa mara moja, kwa hiyo igawe mara tatu au nne. Kalisi kaboneti imezwe na chakula, inahitaji asidi. Na lebo tena: kidonge cha kalisi kaboneti cha miligramu 1,250 kina kalisi halisi 500.

Madini joto yanasahaulika mno. Mahitaji ni mikrogramu 250 kwa siku. Katika nusu ya kwanza ya ujauzito mtoto anategemea homoni ya tezi ya mama, na homoni hiyo haitengenezwi bila madini joto. Upungufu mkali unaathiri akili ya mtoto moja kwa moja. Tumia chumvi yenye madini joto, ihifadhi kwenye chombo kilichofungwa mbali na jua na unyevu, na iweke mwishoni mwa mapishi. Usiongeze chumvi ili kuongeza madini joto. Gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja kidogo, ndiyo mwisho. Mwani wa baharini una kiasi kisichotabirika, mwingine unapitiliza mbali, usiufanye dawa.

Shaban_M

Kuna hivi vidonge vya mchanganyiko vyenye vitu 15. Je, mtu akivimeza anaweza kuachana na chuma na foliki vya kliniki? Mke wangu tunataka aanze moja, lakini kila mtu anasema lake.

Mfamasia_Zamu

Ndugu Shaban, mchanganyiko huo una chuma miligramu 30, foliki mikrogramu 400, madini joto mikrogramu 150, B12, zinki, seleniamu, vitamini A, C, D, E na wenzake. Umo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2021. Kwa ambaye damu yake ni nzuri, unachukua nafasi ya chuma na foliki, havimezwi vyote viwili kwa mazoea. Kwa mwenye upungufu wa damu, 30 haitibu, ataongezewa chuma cha peke yake. Fahamu pia visivyomo: kalisi haimo, kwa sababu ingejaza kidonge na kuzuia chuma, na kolini haimo. Usiongeze multivitamini ya pili juu yake. Muonyeshe mhudumu boksi lenyewe, usimtajie jina tu.

DktUzazi

Kolini inahitajika miligramu 450 kwa siku kwa ajili ya ubongo wa mtoto. Yai moja lina karibu 150, na liko kwenye kiini, kwa hiyo anayekula weupe peke yake hapati. Mayai yaive vizuri.

B12 ni mikrogramu 2.6, na chanzo chake cha asili ni vyakula vya wanyama. Asiyekula nyama, maziwa wala mayai lazima ameze kidonge cha B12, hapo hapana mjadala. Hatari yake ni hii: foliki nyingi inaweza kurekebisha picha ya damu ya mtu mwenye upungufu wa B12, kila mtu akaona amepona, huku mishipa ya fahamu inaendelea kuharibika.

Kwa maeneo ya malaria, mjamzito anayepewa sulfadoksini-pirimethamini ya kinga asimeze foliki ya miligramu 5 sambamba nayo, inapunguza nguvu ya dawa. Ile ya mikrogramu 400 haina shida.

Kichefuchefu cha asubuhi: vitamini B6 miligramu 10 hadi 25, mara tatu kwa siku, inasaidia wengi. Usivuke hapo kwa kujiongezea, B6 nyingi kwa muda mrefu inaharibu neva. Anayetapika mpaka anapungua zaidi ya asilimia 5 ya uzito wake, au mkojo umekuwa mweusi na kidogo, huyo ni wa hospitali. Na wenzangu wa wodini: mjamzito aliyetapika wiki kadhaa apewe thayamini (vitamini B1) kabla ya dripu ya glukosi. Glukosi ikitangulia, inamaliza thayamini kidogo iliyobaki na ubongo unaweza kudhurika palepale.

Neema_K

Na kula kwa ajili ya watu wawili? Mama wakwe wanasisitiza sana.

MkungaLishe

Waheshimiwe, lakini hesabu ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Miezi mitatu ya kwanza hakuna nyongeza ya nishati. Ya kati ni kama kilokalori 340 kwa siku, sawa na kikombe cha maziwa, yai moja na ndizi mbivu moja. Ya mwisho ni kama 450. Kinachopanda sana ni mahitaji ya chuma, foliki na madini joto, na hayo hayaji kwa kuongeza sahani ya wanga.

Uzito wa kuongezeka unategemea alivyoanza. Gawa kilo kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Chini ya 18.5, aongezeke kilo 12.5 hadi 18. Kati ya 18.5 na 24.9, kilo 11.5 hadi 16. Kati ya 25 na 29.9, kilo 7 hadi 11.5. Kuanzia 30, kilo 5 hadi 9. Uzito ukiruka ghafla ndani ya siku chache na uso au mikono ikavimba, usihesabu chakula, pima presha siku hiyohiyo.

Kafeini isizidi miligramu 200 kwa siku. Kikombe kikubwa cha kahawa ya unga unaoyeyuka kina kama 100, cha chai kama 75. Samaki mara mbili kwa wiki ni wazuri kwa mafuta ya omega-3, ila papa, nduaro na samaki wengine wakubwa wanaokula samaki wenzao waachwe kwa sababu ya zebaki. Maziwa yachemshwe, nyama iive mpaka katikati, mboga zioshwe kwa maji yanayotiririka.

Shaban_M

Mkuu, tuwekee ratiba ya siku moja kwa anayemeza chuma na kalisi, tuibandike ukutani.

Mfamasia_Zamu

Saa 12 asubuhi: chuma na foliki, kwa maji au juisi ya chungwa. Saa 2 asubuhi: kifungua kinywa, chai iwe hapa, na kalisi ya kwanza. Mchana na chakula: kalisi ya pili. Usiku na chakula: kalisi ya tatu. Asiyeweza chuma asubuhi akihamishie saa 4 usiku, mradi chakula cha usiku na kalisi vilikuwa saa 1 au 2. Akisahau chuma siku moja, aendelee kesho yake kama kawaida, asimeze viwili kufidia. Na kama ana dawa ya tezi, hiyo ndiyo ikae saa 12 asubuhi peke yake, kalisi ya kwanza isogee saa 4 asubuhi pamoja na kitafunwa, chuma kiende saa 4 usiku.